Gari Limekula Nini

Shati lake la kazi halikuwa na kifungo hata kimoja. Alivikata vyote kwa wembe siku ile ile aliyokabidhiwa shati, akatoboa matundu mawili kifuani, akalifunga kwa kamba ya katani. Mkanda hakuvaa, maana mkanda una chuma. Suruali nayo ilishikwa na kamba. Pete ya ndoa ilikaa nyumbani ndani ya kikombe. Kucha alizikata mpaka nyama, na kila asubuhi kabla ya kugusa gari alizipitisha moja moja juu ya midomo yake, akitafuta ile itakayokwaruza. Sisi madereva tulimcheka sana. Tulisema Fundi akiachiwa atafanya kazi uchi, na ni mkewe tu anayemzuia.

Tulimwita Fundi, basi. Hakupaka rangi, hakufungua injini, hakubadilisha tairi. Kazi yake ilikuwa kurudisha mng'ao wa magari ya wakubwa wa kampuni ya migodi hapa Likasi, kwenye garaji ndogo nyuma ya ofisi. Mimi nilikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja, na nyumba yangu kambini ilipakana na yake. Niseme mapema, nisije nikaonekana namsifu bure: nilimdanganya mara moja, kwa neno moja, na kwa sababu ya neno hilo akaamini kwamba mikono yake imeharibika. Ningeweza kumwondolea imani hiyo siku yoyote, kwa kuita tu juu ya ua. Nilikaa kimya miaka kumi na moja. Ungeniuliza miaka hiyo kama roho iliniuma, ningekujibu kweli kwamba haikuuma. Ilikuwa imekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Vumbi la Likasi si vumbi la barabara tu. Malori ya mawe yanashuka kutoka Kambove, moshi wa kiwanda unatua unapotaka, na asubuhi kila gari lina unga mwembamba mgongoni. Dereva mwenye adabu, akimwona mkubwa anatoka mlangoni, huchomoa kitambaa mfukoni na kufuta boneti haraka haraka. Ndivyo tulivyofundishwa. Fundi aliona jambo hilo kama tusi alilotukanwa yeye mwenyewe. Siku moja alivuka uwanja mzima akinikimbilia, kamba za shati zikipepea.

"Weye! Ile vumbi ni jiwe! Unasugua motokari ya mukubwa na jiwe?"

"Papa, mukubwa anakuya, motokari iko buchafu."

"Acha ikae buchafu. Motokari ya buchafu iko muzima. Ile ya kukwaruza, nani atakurudishia ngozi yake?"

Mkurugenzi alikuwa ameshafika na alisikia yote. Alipanda gari chafu, na toka siku hiyo sikuwahi tena kufuta vumbi kavu.

Kwake maji yalikuja kwanza, ndoo baada ya ndoo, kuanzia juu ya paa kwenda chini, bila mkono kugusa. Vumbi liondoke lenyewe, alisema, kama mgeni asiyehitaji kusukumwa. Ndipo sabuni laini iliyoyeyushwa, kamwe si ile ya unga ya kufulia. Vitambaa vyake alivifua mwenyewe, peke yake, mbali na nguo za nyumbani, kwa hofu ya zipu na vifungo vya watoto. Hakugusa gari lililokuwa juani. Aliulaza mgongo wa mkono wake juu ya boneti, kama mama anayepima homa, na likiwa bado na moto alikaa juu ya ndoo yake akingoja. Wakubwa walingoja naye. Nimewaona watu waliokuwa wakitetemesha ofisi nzima wakisimama kivulini na mikono nyuma, wakingoja boneti ipoe.

Kabla ya hayo yote alikuwa na swali lake. Hakuanza kazi bila kuliuliza, hata kama gari lilitoka kwake jana yake.

"Motokari imekula nini?"

Ilibidi umjibu. Utomvu wa mti, mavi ya ndege, lami, mafuta ya breki, moshi. Kila chakula na dawa yake: kingine kilihitaji maji ya vuguvugu na subira, kingine mafuta ya taa kidogo kwenye ncha ya kitambaa, kingine kuachwa kabisa. Dereva aliyesema "sijui" alirudishwa akafikiri. Kulikuwa na dereva mmoja aliyeona aibu kusema kwamba mke wake mdogo alimwaga mboga ya pondu, yaani kisamvu, kwenye mlango wakati wakigombana. Fundi alimshikilia mpaka akasema, kisha akasafisha bila kucheka. Sisi wengine tulicheka kwa niaba yake.

"Docteur, ukimudanganya, weye njo unakufa," alizoea kusema. "Minye ukinidanganya, motokari njo inakufa. Haiko na kinywa ya kulalamika."

Magari yaliyompa hofu ni yale ya rangi ya metali, yaliyokuwa yameanza kufika kwa treni miaka ile, yanayometameta kama yamenyunyiziwa mchanga wa fedha. Sisi tuliyapenda. Yeye aliyazunguka mara mbili kabla ya kuyasogelea. Alitueleza kwamba ndani ya rangi ile wamelaza vipande vidogo vya alumini, vidogo kuliko unga, na juu yake wamefunika vernis, ngozi nyembamba isiyo na rangi. Mng'ao wote unaonekana kupitia ngozi hiyo. Ukiisugua ikaisha, hewa inaingia, alumini inakufa, na hapo pamekuwa kijivu milele. Kwa hiyo alijaribu kwanza chini kabisa ya mlango, mahali ambapo jicho la mkubwa halifiki. Alichukua dawa ya kung'arisha ya kiasi cha punje ya maharagwe, akapitisha kwa mistari mirefu kufuata urefu wa gari, bila kukandamiza, kisha akageuza kitambaa na kukitazama. Kikibaki cheupe, aliendelea. "Kitambaa ikiona rangi," alisema, "vernis imeisha. Simama. Hata mukubwa akikuambia uendelee, weye simama."

Alikuwa mtu wa mapigano mengi madogo ndani yake. Magari aliyoyatunza hakuweza kuyapanda. Yalimtapisha kabla ya kufika kona ya pili. Alikwenda kazini kwa miguu, na mara moja mkurugenzi alipomlazimisha apande kwa heshima, tulisimama mara tatu njiani. Mkewe, tuliyemwita Mama kama kila mtu kambini, alilalamika kwamba anang'arisha milango ya watu huku sufuria zake zimekuwa nyeusi kama mkaa. Fundi alimjibu kwamba sufuria haina vernis, isugue tu na majivu, haihitaji fundi. Subira aliyokuwa nayo juu ya mlango wa gari, saa tano bila kunyoosha mgongo, hakuwa nayo hata dakika mbili kwenye mchezo wa dama. Tulicheza kwa vizibo vya chupa Jumapili baada ya misa, na alishindwa kila mara kwa sababu alikimbilia kula kizibo cha kwanza alichokiona. Akishindwa alikasirika kwelikweli, akaondoka bila kuaga, na Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Woga pia alikuwa nao, lakini si pale tulipokuwa nao sisi. Wakati ule kila mfanyakazi alivaa kifuani nishani ya chama yenye sura ya Rais, na Fundi aliivua kazini, maana ilikuwa na pini na kingo. Mtu wa vijana wa chama alimwona. Alikuja na daftari, akamuuliza kwa nini yeye, citoyen, raia mwema, amemvua Rais kifuani. Sisi tuliokuwa karibu tukapata kazi ya haraka chini ya magari.

"Sijamuvua," Fundi alisema. Akageuka, na kweli nishani ilikuwa imebandikwa mgongoni, katikati ya mabega. "Mbele iko motokari ya mukubwa. Nikiinama na yee mbele, atakwaruza rangi ya Serikali. Sasa andika: ni nani anaharibu mali ya Serikali?"

Yule mtu alifikiri sana. Mwishowe aliondoka bila kuandika, na Fundi akaendelea kusugua. Aliniambia baadaye kwamba wala hakuwa akifanya ujasiri, alikuwa akieleza tu.

Jumamosi, kabla ya kazi za lazima za kufyeka na kufagia, alinyoa ndevu za majirani bure mbele ya nyumba yake. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Mimi mwenyewe nilisinzia mara nyingi na wembe wake shingoni.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa siku ya mgeni mkubwa kutoka Kinshasa. Asubuhi yote nilisimama na gari la mkurugenzi, la kijani chenye fedha, kwenye uwanja ambao watu waliimba na kucheza wakimngoja. Upepo uligeuka, moshi wa kiwanda ukatulalia. Nilipoangalia boneti mchana, ilikuwa na madoa kama punje za mahindi, meupe, zaidi ya ishirini. Jioni mkurugenzi alikuwa ampeleke mgeni kwenye karamu kwa gari hilo hilo. Nilikuwa na watoto sita katika nyumba ya kampuni, wakila unga wa posho ya kampuni na kusoma shule ya kampuni. Dereva akipoteza gari, alipoteza vyote hivyo kwa mpigo, au ndivyo tulivyoamini.

Kabla ya kupewa usukani nilikuwa nimefanya kazi kiwandani, na kila mtu aliyepita kiwandani anajua jambo moja: asidi ikimwagika, tupa chokaa. Chokaa inaua asidi. Moshi ule ni asidi. Shemeji yangu alikuwa mchimbaji wa mawe ya chokaa kule Kakontwe, na nyumbani nilikuwa na debe la chokaa ya kupaka kuta. Niliikoroga na maji, nikapaka boneti nzima, nikaacha gari juani, nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa imekauka. Niliikwangua kwa kitambaa kilicholowa, nikaosha. Madoa hayakuonekana tena, maana boneti yote ilikuwa doa moja.

Nililipeleka kwa Fundi nikiwa na jasho mpaka viatuni.

"Motokari imekula nini?"

"Moshi, Papa."

"Moshi tu?"

"Moshi tu."

Ningesema chokaa, angelirudisha gari, na mkurugenzi angeuliza nani alipaka. Hilo tu ndilo nililowaza. Fundi aliweka mgongo wa mkono wake kwenye boneti akauacha hapo muda mrefu.

"Moshi hailainishe hivi," alisema polepole.

"Ni moshi ya karibu, Papa. Tulisimama pale pale chini yake."

Aliniangalia. Alinijua, tulikuwa majirani, watoto wetu walilala nyumba yoyote walipochokea. Aliutazama mkono wake, kisha akachukua dawa na kuanza, kwa wepesi ule ule. Alipitisha mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu aligeuza kitambaa, na kilikuwa kijani. Kwenye boneti palikuwa na kiraka cha kijivu, kikubwa kama sahani, kisichong'aa wala kumeta.

Alikaa juu ya ndoo. "Vernis, nimeimaliza," alisema.

Mkurugenzi alifika dakika hizo hizo. Alitazama, akauliza kwa Kifaransa ni nani. Mimi nilikuwa hatua nne, funguo mkononi.

"C'est moi, citoyen directeur," Fundi alijitaja na kusimama.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Aliangalia saa yake, akaagiza gari lingine, na baada ya siku chache lile la kijani likapelekwa Lubumbashi kupakwa upya. Hakuna aliyefukuzwa. Hofu yangu yote ilikuwa ya bure, na hilo nililijua kabla jua halijatua, bado nikanyamaza.

Aliyejifukuza ni yeye. Alirudisha vitambaa vyake stoo, akaomba apewe kuosha malori kwa mpira wa maji, kazi isiyohitaji mkono. Madereva wakampa jina, Toa-Rangi, na jina likatoka garaji likafika kambini, likawafuata wanawe kwenye bomba la maji. Jumamosi akaacha kunyoa watu. Hata ndevu zake akawa anapeleka kwa kinyozi wa sokoni. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa alimtazama mikononi mwa Mama, hakukubali kumpokea. "Mukono yangu imekuwa mubaya," alisema, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Jioni moja alinisimamisha kwenye ua. "Ndugu, unisamehe," alisema. "Ile siku nilikutia mu mashaka bure, na watoto wako."

"Haina neno, Papa," nilijibu.

Katika maisha yangu hakuna sentensi ninayoionea aibu kama hiyo. Lakini aibu hiyo ilikuja baadaye. Jioni ile niliingia ndani, nikala, nikalala vizuri.

Miaka ilikwenda, mishahara ikaanza kuchelewa, wakubwa wakapungua na magari yao. Nilistaafu nikahamia Kambove kwa wakwe zangu kulima mahindi. Nilirudi Likasi kwa ajili ya karatasi za kustaafu, na ofisini wakaniambia nirudi kesho. Nikiwa na mchana mzima mikononi, nikapita kambini.

Mbele ya nyumba yake palikuwa na gari kuukuu la metali, rangi ya shaba, limefubaa. Mwanawe mkubwa alikuwa ameliazima kwa ajili ya harusi ya dada yake, na amesimama na kitambaa asijue aanzie wapi. Fundi alikuwa kwenye kiti, amezeeka, mikono yote miwili ameikalia.

"Papa, saidia tu kidogo," kijana alisema. "Ni harusi ya mutoto wako."

"Nilishakuambia. Nikigusa, nitaharibu. Minye nitakuambia na kinywa, weye utafanya."

Aliponiona alifurahi, akataka nipewe kiti na maji. Mikono hakuitoa, alinisalimu kwa kichwa. Nikabaki nimesimama. Sikuwa nimepanga. Nilimwona mtu aliyekalia mikono yake mbele ya gari la harusi ya binti yake, na mdomo wangu ukafunguka.

"Papa, haikukuwa moshi," nilisema. "Ile motokari ya kijani. Ilikuwa chokaa. Ni minye nilipaka, nikaacha ku juba. Vernis ilikuwa imekufa mbele ya weye kugusa."

Nilisema bila kusikia kitu chochote kifuani, kama ninayesoma karatasi ya mtu mwingine.

Hakuruka, hakulia. Aliuliza. Chokaa ya wapi? Ya Kakontwe. Ya kuchoma au ya jiwe? Ya kuchoma. Nzito? Nzito. Juani muda gani? Mpaka nilipomaliza kula, saa mbili. Kila jibu alilitikisia kichwa, taratibu. Kisha aliitoa mikono chini ya mapaja, akaiweka juu ya magoti na kuiangalia, kwanza migongo, kisha viganja.

"Mama!" aliita. "Kuya hapa."

Mama alitoka na kikombe cha maji yangu.

"Sema tena, asikie."

Mara ya pili ilikuwa kazi nyingine kabisa. Ule mguu uliokufa ganzi ukarudiwa na damu, na uchungu wake sina namna ya kuueleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye ulijua tangu siku gani?"

"Tangu ile ile siku, Mama."

Alimwaga maji chini, akarudi ndani na kikombe.

Fundi alisimama, akachukua kofia yake ukutani. Nilidhani ananifukuza. Alinishika kiwiko kwa mkono wa kulia, kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akanipeleka nyumba ya pili, akabisha. Jirani alipofungua, Fundi aliniambia, "Sema." Nikasema. Nyumba ya tatu alikuwa dereva mwenzangu wa zamani, yule aliyelitunga jina la Toa-Rangi. Alianza kucheka, akaacha, akatazama viatu vyake. Fundi alinivuta kiwiko. Tukaendelea.

Mlango wa nne ulifunguliwa na mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wapangaji wapya, hawana hata mwaka.

"Motokari gani, Papa?" aliuliza. "Toa-Rangi ni nani?"

Hakuwahi kusikia jina hilo. Nilimgeukia Fundi, nikidhani hapa tutaruka. Alikuwa amevua kofia, amesimama wima, anangoja.

"Na yee umwambie," alisema.

Nikamwambia. Mstari wetu wa nyumba ulikuwa na milango ishirini na miwili.